Stoo ya Bwana Mizani

Watu wengine wakinusa chokaa mbichi hukumbuka sikukuu, kuta zikipakwa upya na watoto wakivalishwa nguo mpya. Mimi hutafuta mlango wa kutokea. Juzi nilipita kwenye nyumba ya Bwana Mizani, ng'ambo ya mto ukitoka kijiji cha Idsowe, nikaikuta imepakwa nyeupe kutoka msingi hadi chini ya paa, na getini kuna bango linalosema kwamba sasa ni mahali pa kumbukumbu. Kijana aliyevaa fulana yenye nembo alikuwa akiwatembeza wanafunzi. Aliwaonyesha baraza yenye nguzo, chumba cha kulia, birika la maji ya mvua. Walipofika nyuma, kwenye stoo, akasema kwa sauti ya darasani, "Pamba ilihifadhiwa hapa, na inasemekana wafanyakazi waliokaidi walifungiwa humu." Inasemekana! Nilitamani kumshika sikio. Lakini harufu ya chokaa ilikuwa imeshanipanda kichwani, nikatoka nikakaa kwenye ngazi mpaka pumzi iliponirudia.

Nyinyi wa rika langu mliokulia upande huu mnaijua nyumba ile, ingawa wengi wenu mliiona kwa mbali tu, juu ya kile kilima ambacho si kilima. Ni udongo uliobebwa kwa karai na vibarua ili mwenye shamba asilowe miguu mto ukifurika. Jina lake halisi sikuwahi kulisikia nyumbani. Wazee walimwita Bwana Mizani kwa sababu jioni hakumwamini mtu yeyote kupima pamba isipokuwa yeye mwenyewe, na mizani yake siku zote ilimpunja mchumaji. Nilipozaliwa alikuwa amekufa zamani, watoto wake wamerudi kwao, shamba limegeuka pori la miiba ya mathenge. Ilibaki nyumba, sengenge, na mlinzi aliyelipwa na sijui nani ili atufukuze.

Babu yangu alikuwa mmoja wa wachumaji hao. Yeye na Hawe, ndivyo Wagiriama tunavyomwita bibi, walitoka kusini ndoa yao ikiwa bado changa, wakapewa kipande cha kulima mahindi kwa sharti kwamba babu achume pamba. Jioni moja babu alisema mbele ya watu kwamba mizani inadanganya. Akafungiwa stoo ili apate adabu. Asubuhi Hawe alipompelekea uji, msimamizi alimwambia mumeo ametoroka, kamtafute kwenu. Hakuonyeshwa maiti wala mtu. Wazee wetu nao wakakwama. Mtu anayesemwa ametoroka hakaliwi matanga, maana kumlilia aliye hai ni kumtakia kifo. Basi Hawe akabaki hivyo, si mke si mjane, na mimba ya baba yangu tumboni. Hakunyolewa nywele za ujane na hakuolewa tena. Alikuwa na maneno yaleyale tu, na aliyasema maisha yake yote: "Nilimwona akiingizwa. Sikumwona akitoka."

Kwa mtoto hesabu hiyo ni rahisi. Aliyeingia asitoke, bado yumo. Tena nilikuwa na ushahidi wangu. Kila tulipovuna, Hawe alipika sima na samaki, akamimina tembo la mnazi kidogo kwenye kifuu, akanibebesha, tukaenda mpaka kwenye sengenge ya Bwana Mizani tukaviweka chini kwa upande wa ndani. Kesho yake nikipita hapo nakuta bakuli limelambwa likang'aa. Leo najua walikuwa nyani, na nyani wa upande ule walikuwa wamenona kuliko sisi. Lakini wakati ule nilikuwa na hakika kwamba babu yangu anaishi stoo, amezeeka, anakula kidogo kidogo, na siku moja atatokea mtu mwenye akili amfungulie. Nilichoshangaa ni uzembe wa watu wazima.

Hawe alikuwa ametuwekea mwiko mmoja mzito. Hakuna mtu wa damu ya babu aliyeruhusiwa kuingia chini ya paa lile kabla babu mwenyewe hajaliliwa na kuchukuliwa nyumbani. Alisema atakayelala mle atabaki mle. Baba yangu, mwanamume mzima mwenye ndevu, alizunguka mbali na sengenge ile kila alipotoka kuvua, na mimi nilidhani ni kwa sababu anaona haya kukutana na baba yake kwa kuwa ameshindwa kumfungulia.

Mwaka wa yale mafuriko makubwa, maji yalitukuta baba akiwa mjini Garsen. Alikwenda kuuza mahindi, barabara ikakatika nyuma yake. Nyumbani tulibaki Hawe, mama na mimi, na mama alikuwa na mimba iliyoshuka, anatembea ameshika kiuno. Mto haukuja kwa kishindo. Ulikuja polepole kupitia shambani, ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, ukaingia uani, ukaweka kuku wote juu ya paa. Kufika mchana maji yalikuwa yanagusa kamba za kitanda alipolala mama, na mama alikuwa ameanza kuuma midomo.

Komora, jirani yetu Mpokomo, alikuja na mtumbwi wake. Alikuwa amebeba watu tangu alfajiri na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Bibi, mpandishe huyu mama haraka. Maji bado yanapanda."

"Unatupeleka wapi?" Hawe akauliza.

"Kwa Bwana Mizani. Watu wote wako huko. Mlinzi mwenyewe amekimbia."

Hawe alikuwa tayari ameshika mkono wa mama. Akauachia. "Tupeleke shuleni."

"Shule imeingia maji."

"Kanisani."

"Kanisani maji yako madirishani, bibi. Nimetoka huko."

"Basi Garsen."

Komora alimtazama kama mtu anayetazama mgonjwa wa homa. "Garsen nitapita wapi? Mkondo pale katikati unang'oa miti na mizizi yake. Mtumbwi huu utageuka kabla hujasema amina."

Tulipanda kwa sababu hapakuwa na la kufanya, mama amelala kati ya miguu yangu na kichwa chake mapajani mwangu. Nilisikia meno yake yakisagana kila uchungu ulipomjia. Komora alisimama nyuma akisukuma kwa upondo, na mara mbili nilimwona akiupiga juu ya maji kwa nguvu na kusema "Mamba" kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jina la duka. Niliogopa, sitaki kusema uongo. Lakini hofu yangu kubwa haikuwa mamba wala mama. Nilikuwa nafikiria stoo. Kama maji yameingia kila mahali, yataingia na stoo, na mlango wa stoo una komeo kwa nje.

Tulipofika, maji yalikuwa yameshameza ngazi za chini za ile nyumba. Barazani palijaa watu, magodoro, masufuria, mbuzi. Mbele kabisa alisimama mwanamke mmoja wa Kiorma, mrefu, jina lake Habiba, ambaye siku zilizofuata nilimzoea kama shangazi. Alimwona mama akajua mara moja.

"Hii mama iko karibu kuzaa," akasema. "Leta yeye ndani. Mimi iko na maji moto."

Komora akaushika mtumbwi kwenye nguzo ya ngazi. Hawe hakusogea.

"Hashuki," akasema.

"Bibi!"

"Nimesema hashuki. Yeye angeingia, si damu ya mume wangu. Aliye tumboni ndiye damu. Mume wangu yumo humo tangu ujana wangu, hakuna aliyemlilia, hakuna aliyemwambia twende nyumbani. Leo nimpelekee mtoto mchanga? Atamchukua. Si kwa ubaya. Atamchukua kwa upweke."

Nataka mjue kwamba hakuna aliyecheka. Watu barazani walikuwa Wapokomo, Waorma, Wagiriama wenzetu, wengine Waislamu, wengine Wakristo, na kila mmoja alijua maana ya mtu kufa asizikwe na watu wake. Lakini mama alinyanyua kichwa, jasho limemwenea, akamwambia mkwewe kwa upole ambao hadi leo ukinijia naumia, "Mama, nisamehe. Siwezi tena kuzuia."

"Jikaze, mwanangu. Tutazaa humu mtumbwini."

"Mtumbwi una maji ndani, mama. Atatokea kwenye maji."

Hawe akatazama maji yaliyokuwa mtumbwini, akatazama ngazi. Yule mwanamke aliyeweza kumkemea hata chatu alikuwa hajui la kufanya, na mimi nilipoona hajui ndipo nilipoogopa sana.

Basi nikaruka. Sikuwaza mwiko. Nilikanyaga ngazi, nikateleza, nikapita kati ya miguu ya watu na mbuzi. Hawe alipiga ukelele nyuma yangu, jina langu, ukelele ambao sikuwahi kumsikia akiutoa. Sikusimama. Nyumba ilikuwa na giza na harufu ya chokaa iliyolowa. Nilikimbia ukumbi wote mpaka nyuma, nikauona mlango wa mbao nzito wenye komeo la chuma, vilevile nilivyouchora kichwani mwangu miaka yote. Maji yalikuwa yanaanza kupenya chini yake. Na ndani kulikuwa na kitu kinagonga.

Kiligonga tena. Niliganda. Nadhani nilikuwa nimeamini bila kuamini, kama watoto wanavyofanya, na sasa kulikuwa na kishindo halisi nyuma ya ubao halisi. Kisha nikaona maji yakinipita kwenye vidole vya miguu kuelekea ndani, nikaanza kuupiga mlango kwa viganja.

"Babu! Babu, toka! Maji yamefika! Toka twende nyumbani!"

Komeo lilikuwa limeshika kutu, sikuweza kulivuta. Niliendelea kulia na kupiga na kuita. Sijui niliita kwa muda gani. Nilipogeuka, Hawe alikuwa amesimama nyuma yangu. Leso yake ilikuwa imelowa hadi kifuani. Alikuwa ameingia. Alikuwa amepita chini ya paa lile kwa miguu yake, kwa ajili yangu, na nilijikunja nikingojea kofi.

Hakunipiga. Uso wake ulikuwa wa ajabu, kama wa mtu aliyeamshwa.

"Mwite tena," akasema.

"Hawe?"

"Mwite tena. Sema jina lake. Sema Karisa."

"Babu Karisa, toka! Twende nyumbani!"

Hawe akashika komeo kwa mikono miwili, akalivuta kwa uzito wake wote mpaka likaachia. Mlango ukafunguka, na vitoto vya mbuzi vikatoka mbio, vikatupita magotini vikilia. Habiba alikuwa amevifungia mle visikanyagwe na watu, komeo lile la kutu akaligonga mpaka likakaza. Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na kuta, dirisha dogo la nondo karibu na dari, na vumbi jeupe la pamba ya zamani kwenye pembe. Nilitazama kila mahali. Nikamwuliza Hawe, "Amekwenda wapi?" Ndipo akaanza kulia.

Ilikuja kunichukua miaka kuelewa nilichofanya. Kwetu aliyefia ugenini huitwa na mtu wa damu yake, kwa jina, aambiwe njoo twende. Hawe alisubiri wazee waruhusiwe kupita sengenge, mlinzi akawafukuza, wazee wakafa mmoja mmoja. Hakuwahi kufikiria kwamba mtoto wa kike mwenye kamasi angeweza kumwita. Sasa babu alikuwa ameitwa, na mlango ulikuwa wazi. Hawe alikaa chini kwenye maji yale, akafungua nywele, akalia kilio cha matanga kwa sauti yote. Kilikuwa kilio cha miaka mingi na kilitikisa mabati. Kisha akakikata ghafla, akageuza shingo, akapaza sauti kuelekea barazani.

"Mwingizeni mke wa mwanangu! Mwingizeni sasa!"

Mama aliingizwa chumba cha mbele, kile ambacho leo kina picha ukutani. Komora na mwanamume mwingine walimbeba, Habiba akawafukuza wanaume wote, akaning'ang'ania mimi nishike taa kwa sababu mawingu yalikuwa yameziba mwanga. Nyuma Hawe aliendelea kulia. Hakuweza kuja. Aliyeanza kumlilia maiti haruhusiwi kumpokea mtoto kwa mikono ileile. Mama alikuwa akilia mbele, Hawe akilia nyuma, na mimi katikati na taa, sikujua kilio kipi ni cha kuingia na kipi ni cha kutoka.

Mtoto alitoka akiwa na rangi ya samawati. Hakulia. Habiba alimgeuza, akampiga mgongoni, hakulia. Mama akauliza, "Mbona kimya?" Nyuma kilio cha Hawe kikakoma. Alikuwa amesikia ukimya ule kupitia kuta mbili. Nilimsikia akisema, si kwa kupiga kelele, alisema kama mke anayezungumza na mumewe chumbani, "Karisa, usinifanyie hivyo. Huyu si wako. Mimi ndiye wako."

Habiba akaweka mdomo wake juu ya pua na mdomo wa mtoto, akavuta, akatema kando. Akavuta tena, akatema. Baadaye aliniambia kwamba hivyo ndivyo afanyavyo yeye mbuzi wake anapozaa kitoto chenye kamasi. Mtoto akapiga chafya, akakunja uso, akalia. Alikuwa wa kike. Nilianguka chini na taa yangu, nusura niichome nyumba ya kumbukumbu kabla haijawa ya kumbukumbu.

Tulikaa mle siku kadhaa, na Hawe aliyakalia matanga yake yote. Peke yake asingeweza, matanga ni watu. Kwa hiyo watu wa barazani walikuja stoo, wachache wachache, wakakaa sakafuni wakamlilia mtu wasiyemjua. Wapokomo waliimba nyimbo zao. Habiba alileta maziwa. Hawe alimwomba Komora kipande cha upondo wake ili achonge koma, kile kijiti cha mti kinachosimamishwa uani kwa ajili ya marehemu. Komora alilalamika kwamba upondo ndio miguu yake, halafu akaukata ncha ya juu akampa. Kuchonga koma ni kazi ya wazee wa kiume. Hawe alikichonga mwenyewe kwa kisu cha jikoni, akakifunga kipande cha leso yake shingoni. Wazee walikuja kunung'unika baadaye, lakini hakuna aliyethubutu kukigusa.

Maji yalipopungua, Komora alitupeleka nyumbani. Hapakuwa na nyumbani. Palikuwa na tope laini na nguzo moja. Mama alikaa mtumbwini na mtoto, amechoka hata kulia. Hawe alishuka, akazama hadi magotini, akatembea mpaka mahali ulipokuwa uwanja wetu, akasimamisha kile kijiti, akakishindilia kwa ngumi. "Haya," akasema, "umefika." Baba aliporudi kutoka Garsen aliikuta koma peke yake katikati ya tope, na nyumba mpya aliijenga kwa kupima kutoka hapo.

Hawe alinyolewa nywele mwaka ule, akaitwa mjane, na nakwambieni sijamwona mtu aliyefurahia ujane kama yeye. Alianza kucheka. Aliishi mpaka nikamaliza shule, na hakwenda tena kwenye sengenge na bakuli.

Jana bibi mmoja kutoka kamati ya ile kumbukumbu alikuja nyumbani. Ni mtu mzuri, tena mwenye heshima. Alivua viatu mlangoni, akasalimia kila mtu. Akasema wamesikia tuna koma ya mmoja wa waliofia mle, na kwamba vijiti hivi vinaibwa siku hizi vinauzwa mbali. Wangependa kukitunza. Kitawekwa kwenye kabati la kioo ndani ya stoo, mahali palepale, chenye taa yake na jina lake. Mlango utakuwa unafungwa kila jioni, hakuna atakayeweza kukitoa.

Mama, ambaye sasa ni mzee na haoni vizuri, aligeuza uso kuelekea uani. Mimi nilikuwa na maneno mengi na yote ya hasira. Aliyejibu ni mdogo wangu, Sidi, yule aliyezaliwa rangi ya samawati. Alimwongeza mgeni chai, akakaa mbele yake.

"Jina lake liandikeni," akasema. "Liandikeni kubwa, na mseme aliuawa, msiseme inasemekana. Lakini yeye mwenyewe, bibi, harudi stoo."